Uvimbe Uliodhaniwa Kuwa Jini

Alasiri moja nililetewa mwanamke wa makamo ili nimsomee. Nduguze walieleza kwamba hupandwa na jini: ghafla kichwa humgonga, jasho humtiririka, moyo humwenda mbio na uso humpauka, kisha hutulia kana kwamba hapakuwa na jambo. Nilimsomea, kwani dua haina hasara. Lakini niliona usoni na mikononi mwake vinundu laini na mabaka ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, nikauliza kama amepimwa presha. Hakuna aliyejibu.

Alama hizo ni za maradhi yaitwayo nyurofibromatosisi, aliyoyaeleza daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen mwaka 1882. Chanzo chake ni hitilafu ya jeni, nayo humpata takriban mtoto 1 katika kila 3,000. Hayaambukizi. Karibu nusu ya wagonjwa huyarithi kwa mzazi. Waliosalia huanza nayo wao wenyewe, wazazi wao wakiwa hawana. Basi wakwe waache kumsuta mama wa mtoto.

Wachache miongoni mwa wagonjwa hawa huota uvimbe katika tezi ya adrenali, ile ikaayo juu ya figo. Uvimbe huo, feokromositoma, humwaga kwa wingi adrenalini na noradrenalini, homoni zile zile zinazomtoa mtu mbio akikutana na nyoka. Kwa mjamzito hatari huzidi: presha yake yaweza kudhaniwa kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na uchungu wa kuzaa au dawa ya usingizi ikachochea shambulio la kuua.

Siku chache baadaye yule mwanamke alimweleza mke wangu faraghani, naye ameridhia niliandike bila jina, kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI na humeza dawa kwa siri. Jasho na kukonda kwake alivihesabu ni vya virusi. Virusi havijulikani kuwa chanzo cha uvimbe huu, ila huuficha, kwani kila dalili hubebeshwa wao. Tena baadhi ya dawa zake, kama ritonaviri, huzuia ini lisivunje dawa nyingine. Doksazosini, ambayo hutolewa kutuliza presha kabla ya uvimbe kukatwa, yaweza kurundikana mwilini na presha ikaporomoka. Daktari asiyejua hawezi kupima kipimo sawasawa. Wala asiache dawa za virusi kwa hofu hiyo.

Uchunguzi ni wa damu, au wa mkojo uliokusanywa saa 24, kutafuta metanefrini. Kisha picha ya tumbo. Uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, na hukatwa baada ya mgonjwa kutayarishwa kwa dawa siku kadhaa.

Aliniuliza kama ni lazima awaambie nduguze. Nikamwambia: daktari ndiye lazima. Nduguze, atakapotaka. Jumatatu mke wangu alimsindikiza hospitali.