Gundi Inayowashinda Mafundi

Katika vibanda vya mafundi simu vya Kihesa, kata ya Manispaa ya Iringa inayopokea wanafunzi wengi wa vyuo, simu iliyopasuka kioo hupata kioo kingine, na inayogoma kuchaji hubadilishiwa mfumo wa chaji. Eafoni za Bluetooth, zile ndogo zisizo na waya zinazochajiwa ndani ya kasha lake, zikianza kuzima baada ya dakika chache, jibu huwa moja tu: nunua nyingine. Ujuzi wa kuzitengeneza upo. Kinachomkwamisha fundi ni gamba lililozibwa kwa gundi. Na gundi hiyo imewekwa kwa hesabu za biashara zaidi kuliko kwa lazima ya sayansi.

Kinachochoka kwanza humo ni betri ya lithiamu-ioni, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Betri inapochajiwa na kutumika, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katika kila safari, chache kati yake hunaswa kwenye utando mwembamba unaoota juu ya grafati iliyo upande mmoja wa betri, zisirudi tena kazini. Baada ya mizunguko mia kadhaa ya kuchajiwa na kutumika, uwezo wa betri hupungua waziwazi. AirPods za kwanza, eafoni za kampuni ya Apple zilizoanza kuuzwa Desemba 2016, zilikuwa na betri ya wati-saa 0.093 hivi katika kila kipande, chini ya sehemu moja ya mia ya betri ya simu ya kawaida, na chaji moja ilitosha saa 5 za muziki. Anayesikiliza saa 5 kila siku hutimiza mizunguko 365 kwa mwaka. Mtengenezaji anaijua hesabu hiyo tangu anapochora kifaa, na anajua kwamba betri itakufa huku spika na chipu zikiwa bado nzima.

Hata hivyo iFixit, kampuni ya Marekani inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, ilizipa AirPods hizo alama 0 kati ya 10. Huko Marekani, Apple imekuwa ikitoza dola 49 kwa kila kipande kilichochoka betri. Vipande viwili ni dola 98, ilhali AirPods 4 mpya zilizinduliwa mwaka 2024 kwa dola 129. Bei zikikaribiana hivyo, ni wachache watakaochagua matengenezo.

Watetezi wa gundi husema kifaa kidogo namna hiyo, kinachopaswa kuzuia jasho, hakiwezi kuwa na mfuniko. Lakini visaidizi vya kusikia, navyo huvaliwa sikioni, kwa miongo mingi vimekuwa na kimlango ambacho mtumiaji hukifungua mwenyewe na kubadili betri. Mwaka 2024 kampuni ya Uholanzi, Fairphone, ilitoa Fairbuds, eafoni zinazostahimili jasho na matone ya maji, na betri zake hubadilika katika vipande vyote viwili na katika kasha. Wengine huonya kwamba betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto. Ni kweli, na ndiyo sababu kifaa kinapaswa kufunguka kwa urahisi, kwani hatari huja pale fundi anapolazimika kubandua gamba kwa kisu. Pingamizi zito zaidi ni la bei: Fairbuds zilianza kwa yuro 149, fedha nyingi kwa mwanafunzi. Lakini cha rahisi kinachonunuliwa upya mara kwa mara hakibaki rahisi, na bei ya vinavyofunguka inaweza kushuka vikitengenezwa na wengi.

Kwa hiyo suala hili ni la sheria kuliko la mnunuzi mmoja mmoja. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache. Tanzania ilitunga kanuni za taka za kielektroniki mwaka 2021, lakini taka ni mwisho wa safari. Kifaa huhukumiwa kufa kiwandani. Tena hata mwisho huo ni dhaifu: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaonyesha kwamba Afrika hurejeleza rasmi chini ya asilimia 1 ya taka zake za kielektroniki. Shirika la Viwango Tanzania liweke sharti la betri kubadilika kabla masalia yaliyokataliwa Ulaya hayajaletwa kwetu. Nawe msomaji, kabla ya kulipia eafoni, muulize muuzaji: betri ikichoka, inatolewaje?