Kitabu bila karatasi: faida ni ya nani?

Mwezi wa Novemba 2007 kampuni ya Amazon, huko Marekani, ilianza kuuza Kindle, kibao kidogo cha kusomea vitabu visivyo na karatasi. Watu wengi wakatabiri kwamba kampuni za kutoa vitabu zitakufa.

Hofu hiyo haikuwa bure. Amazon iliuza vitabu vipya vingi kwa dola 9,99, ingawa yenyewe ilikuwa imelipa zaidi ya hapo, ili watu wazoee kibao chake. Mwaka 2011 Borders, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu, ilifilisika na kufunga milango yake. Lakini je, wachapishaji wenyewe walipata hasara? Tufungue daftari la hesabu.

Kitabu cha karatasi kina gharama nyingi: karatasi, wino, mtambo wa kupiga chapa, ghala, magari ya kukisafirisha. Tena, kwa desturi ya Marekani, duka lina ruhusa ya kumrudishia mchapishaji vitabu visivyouzwa, na vingi huishia kusagwa. Kitabu cha kielektroni hakihitaji ghala, wala hakiliwi na mchwa, wala hakirudi kwa marundo.

Basi mwaka 2013 kampuni ya HarperCollins iliwaonyesha wenye fedha hesabu hii. Kitabu cha jalada gumu, bei yake dola 27,99, kiliipa kampuni faida ya dola 5,67, na mwandishi dola 4,20. Kitabu cha kielektroni, bei yake dola 14,99, kiliipa kampuni dola 7,87, na mwandishi dola 2,62. Mnunuzi alilipa kidogo, kampuni ikapata zaidi, na mwandishi akapunguziwa.

Ilikuwaje? Kwa kitabu cha jalada gumu, sehemu ya mwandishi hufika 15 kwa mia ya bei iliyoandikwa juu ya kitabu. Kwa kitabu cha kielektroni alipewa 25 kwa mia. Asiyechunguza atasema kwamba 25 ni nyingi kuliko 15. Lakini hizo 25 hazikuhesabiwa juu ya bei. Zilihesabiwa juu ya fedha zilizobaki baada ya duka kuchukua 30 kwa mia yake. Mwenye hekima huuliza kwanza: «Mia ya nini?»

Faida si dhambi. Kampuni isiyopata faida haitaweza kutoa kitabu cha kesho. Lakini Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Iko haki ya asili iliyo kubwa kuliko mapatano. Fundisho hilo lamfaa mwandishi pia.

Lamfaa na msomaji. Anayesambaza kitabu cha mwenzake kwa simu bila ruhusa wala malipo humnyima hata zile senti zilizobaki.

Nanyi, akina baba na mama, wafundisheni watoto wenu kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kama ni wa kitabu, wa kahawa au wa nyumba. Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Ni haki, basi, aliyechuma asifukuzwe kivulini.