Mtoto wa Pwani na Mchezo wa Theluji

Kwa mkazi wa Palma, Quionga au Mocímboa da Praia, baridi ni ile ya kusi la mwezi wa Julai, wakati wavuvi wanapoteremka ufukweni alfajiri wamejifunika mashuka. Theluji huiona katika picha tu. Ndiyo maana mzazi wa huku akiambiwa kwamba ziko shule za sekondari zinazowapeleka wanafunzi mlimani juma zima ili wafundishwe kuteleza juu ya theluji, hucheka na kusema kuwa hayo ni mambo ya wenyewe. Kwa hakika si ya wenyewe peke yao. Vijana wa Afrika wamekwisha kualikwa katika mafunzo hayo, na yafaa mzazi ajue mapema ni kitu gani, na aulize nini iwapo siku moja mwanawe ataleta barua nyumbani.

Mchezo wenyewe ni wa namna mbili. Katika namna ya kwanza, mchezaji hufunga mbao mbili ndefu na nyembamba ziitwazo skii, kila mguu wake, na hushika fimbo mbili mikononi. Katika namna ya pili, miguu yote miwili hufungwa juu ya ubao mmoja mpana, naye husimama upandeupande kama mtu aliye juu ya dau. Huko Austria ni desturi ya shule nyingi kuwapeleka wanafunzi mlimani kwa juma moja pamoja na walimu wao, kila mmoja akiwekwa katika kundi la kiwango chake. Marekani na Kanada ziko shule zenye vyama vya mchezo huu, ambavyo huwakodia wanafunzi basi katika miezi ya baridi. Anayeanza hapelekwi kileleni. Siku ya kwanza hufundishwa mambo matatu: namna ya kuanguka, namna ya kuinuka, na namna ya kuzipanua skii kwa nyuma ili mwendo upungue. Nimepata kufundisha watoto, nami naona utaratibu huo una busara kuliko wa walimu wengi wa kuogelea, ambao humtupa mtoto majini kwanza na maelezo yakafuata baadaye.

Je, mtoto aliyezaliwa katika joto aweza kuujua mchezo huu? Tutazame mifano miwili ya jirani zetu wa Kenya. Philip Boit alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza skii akiwa mtu mzima wa miaka 24, na mwaka 1998 akashiriki mbio za kilometa 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alimaliza wa 92, nyuma ya wote waliomaliza, yapata dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la bingwa huyo. Habari hiyo ilipendwa sana ulimwenguni, lakini inaonyesha pia jinsi ilivyo vigumu kuanza ukubwani. Sabrina Simader yeye alizaliwa Kilifi mwaka 1998, katika pwani kama yetu hii. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria na mama yake, akaanza kuteleza akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea ya Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Tofauti ya wawili hawa haikuwa damu wala mahali pa kuzaliwa. Ilikuwa umri wa kuanza, na mwalimu kuwa karibu.

Wakorea walilielewa jambo hilo. Mwaka 2004 jimbo la Gangwon lilianzisha mpango wa kuwaalika vijana wa nchi zisizo na theluji, wakae huko siku chache na kufundishwa skii na michezo ya barafu. Baada ya Olimpiki ya 2018 mafunzo kama hayo yaliendelezwa, na mmoja wa vijana waliofunzwa huko, Jonathan Lourimi wa Tunisia, alipata medali ya fedha mwezi wa Januari 2024 katika Olimpiki ya Vijana iliyofanyika Gangwon, katika mbio za gari la barafu la mtu mmoja. Msumbiji, hadi michezo ya Beijing ya mwaka 2022, haikuwa imepeleka mchezaji yeyote katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Hata hivyo watoto wa Msumbiji wamekwisha kuishi katika theluji. Mwaka 1982 wapatao 900 walipelekwa katika mji wa Staßfurt, Ujerumani ya Mashariki, wakasoma katika Shule ya Urafiki hadi mwaka 1988. Baridi waliizoea. Lililoumiza ni jingine: mwaka 1987 mmoja wao aliuawa na vijana wa mji ule. Nalitaja hilo kwa sababu wazazi wetu huogopa theluji kwanza, ilhali jambo la kuuliza kwanza ni nani atakayemlinda mtoto huko aendako.

Na katika pwani hii swali hilo si dogo. Tangu mashambulio ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na ya Palma ya Machi 2021, watoto wengi wamepoteza miaka ya masomo, na ziko familia zilizotawanyika njiani. Mama aliyewahi kukimbia usiku na wanawe hawezi kulaumiwa akikataa kumkabidhi binti yake kwa mgeni kwa sababu ya karatasi yenye mhuri. Barua ya kweli hupitia shule, idara ya elimu au chama cha michezo cha taifa. Hutaja jina la mwalimu atakayesafiri na watoto, bima ya matibabu, na tarehe ya kurudi. Mwaliko unaomtaka mzazi alipe fedha kwa simu ya mtu binafsi, au amkabidhi mtu hati ya kusafiria ya mtoto kabla ya jambo lolote kuthibitishwa, upelekwe kituo cha polisi. Baba aliye kazini mbali aarifiwe, lakini mama asingoje ruhusa ya baba ili aulize maswali hayo.

Hatari za mchezo zipo. Wenye skii mbili huumia zaidi magoti. Wenye ubao mmoja, wanapoanza, huvunjika vifundo vya mikono kwa kuwa huanguka wakijikinga kwa viganja. Kofia ngumu ni ya lazima. Jua nalo lisidharauliwe: theluji mpya yaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma ngozi na macho, kwa hiyo miwani ya giza huvaliwa hata katika baridi kali. Nguo za pamba zisivaliwe ndani, maana zikilowa jasho hukaa na maji na kuupoza mwili. Sufu ni bora. Nguo nyepesi tatu, moja juu ya nyingine, hushinda koti moja zito.

Mwalimu anayetaka kuanzia karibu ajue kwamba theluji ipo hata kusini mwa Afrika. Huko Lesotho, katika milima ya Maluti, pana kituo cha Afriski kilicho kiasi cha meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo theluji ya mbinguni huongezewa ile inayotengenezwa kwa mitambo. Mafunzo hutolewa humo kati ya Juni na Agosti, yaani majira yale yale ya kusi, na skii pamoja na viatu vyake hukodishwa hapo hapo.