Goti si Bawaba

Karibu kila mtaa una mzee ambaye kuinuka kitini ni kazi kubwa kwake. Hushika meza, hukaza meno, kisha husubiri kidogo kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Jirani husema, "Huo ni uzee tu." Kwa kweli huo ni ugonjwa wenye sababu zinazoeleweka. Ukifikia hali mbaya sana, daktari mpasuaji aweza kuondoa sehemu za goti zilizoharibika na kuweka badala yake sehemu za chuma na plastiki. Hata hivyo, ilichukua miaka mingi kulipata goti la bandia linalofaa, kwa kuwa wataalamu walilidhania goti kuwa bawaba.

Goti linavyoharibika

Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana gotini. Ncha zake zimefunikwa kwa gegedu lenye utelezi, na kati yake mna ute unaolainisha mwendo. Gegedu halina mishipa ya damu. Kwa hiyo likijeruhiwa haliponi kama ngozi iponavyo. Nalo hubeba mzigo mkubwa, kwani kila hatua hulitwisha goti nguvu ipatayo mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Umri, unene, majeraha ya zamani na urithi huharakisha kuchakaa kwake. Aidha, katika ugonjwa wa baridi yabisi, kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kuyashambulia maungio. Mwisho wake mifupa husuguana, goti huvimba, na mguu huweza kupinda.

Kutoka pembe ya ndovu hadi plastiki

Mnamo mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck aliwawekea wagonjwa magoti ya pembe ya ndovu. Wagonjwa hao walikuwa na kifua kikuu cha maungio, na maambukizo hayo yaliiharibu kazi yake. Katika miaka ya 1950 yalitumika magoti yaliyoundwa kama bawaba. Haya yalikunja na kukunjua mguu, lakini goti halisi hufanya zaidi ya hayo: linapokunjwa, mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya muundi, na muundi nao huzunguka kidogo. Bawaba ilipouzuia mzunguko huo, nguvu zote zilihamia pale chuma kiliposhikamana na mfupa, nacho kikalegea.

Ufumbuzi ulianzia kwenye nyonga. Katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, John Charnley alianza mwaka 1962 kutumia plastiki ngumu ya polithini iliyosuguana na chuma, huku sehemu zote zikishikizwa mfupani kwa saruji maalumu. Mnamo mwaka 1968, katika hospitali hiyo hiyo, Mkanada Frank Gunston aliutumia ujuzi huo gotini. Aliacha kano za mgonjwa mahali pake ili ziendelee kuuongoza mwendo. Mwaka 1974, mjini New York, madaktari John Insall na Chitranjan Ranawat, pamoja na mhandisi Peter Walker, walianza kutumia goti lililofunika nyuso zote, pamoja na pia ya goti. Magoti mengi yatumikayo leo yametokana na umbo hilo.

Faida na mipaka yake

Msomaji asidhani kwamba goti zima hukatwa na kutupwa. Mpasuaji huondoa tabaka la milimita chache tu katika ncha za mifupa, kisha huivika chuma na kuweka plastiki katikati. Mgonjwa husaidiwa kusimama siku ile ile au siku ya pili. Kwa wiki nyingi baadaye hana budi kulikunja na kulinyoosha goti kila siku, ijapokuwa linauma; akiacha, goti hukakamaa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban magoti 82 katika kila 100 hudumu miaka 25. Hata hivyo, hatari zipo, hasa maambukizo na kuganda kwa damu miguuni. Tena goti la bandia kwa kawaida halikunjiki kikamilifu. Kwa mtu anayekaa mkekani, anayechuchumaa chooni au anayesujudu, jambo hili ni zito, na yafaa alijadili na daktari kabla ya kupasuliwa. Wengine hulazimika kuswali wakiwa wameketi kitini.

Kwa sababu hizo upasuaji ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna kupunguza uzito, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, dawa za maumivu, na mkongojo ushikwao kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Lakini hayo yote yakishindwa, na maumivu yakamnyima mtu usingizi na mwendo, si haki kumwambia avumilie kwa kuwa amezeeka. Apelekwe kwa daktari wa mifupa.