Paukwa ya Mashine: Nembo za Ufunguzi za Game Freak na Fomula za Ngano

Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi simulizi, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba fomula ya kufungulia ngano ni pambo tu. Eti ukiiondoa, ngano inabaki ile ile: wahusika wapo, mgogoro upo, mafunzo yapo. Wengi tuliitikia, na mimi nikiwamo. Leo siafiki tena, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini. Ila sitaanzia kwa bibi na moto wa jioni. Nitaanzia kwenye kibanda cha gemu mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kisha nitahamia kwenye kampuni ya Kijapani iitwayo Game Freak. Msomaji atauliza: jamani, gemu na fasihi wapi na wapi? Namwomba avute subira.

Nembo ya ufunguzi ni kitu gani?

Ukiwasha mchezo wa video, mchezo hauanzi palepale. Kwanza hutokea jina la aliyeutengeneza, nalo halikai tuli kama jina lililo juu ya jalada la kitabu. Linashuka, linazunguka, linalia, linametameta. Sekunde chache tu, kisha linapotea. Hiyo ndiyo nembo ya ufunguzi.

Sisi wa Bariadi tuliijua kabla hatujajua kusoma vizuri. Kibandani kwetu palikuwa na PlayStation 2, mashine iliyotoka Japani mwaka 2000. Ukiiwasha, unaona giza lenye rangi ya samawati, na ndani yake minara iliyosimama kama mji unaotazamwa kutoka angani. Sisi tulidhani ni urembo. Kumbe minara ile inatokana na kumbukumbu zilizomo kwenye memori kadi: michezo iliyokwisha kuchezwa ndiyo inayoijenga, na mchezo unaorudiwa mara nyingi mnara wake hurefuka. Kwa hiyo kila asubuhi kibanda kilipofunguliwa, mashine ilikuwa inatuonyesha historia yetu wenyewe. Na kama CD imekwaruzika, kioo kilikuwa chekundu na maneno ya kukataa, basi watoto wote tunaguna kwa pamoja. Mwenye kibanda anaitoa CD, anaifuta kwa ncha ya shati, anairudisha. Tunanyamaza tena, macho kiooni.

Profesa M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, alitufundisha tuitazame fasihi simulizi kama tukio lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali, wakati na muktadha wake wa kijamii. Nikikitazama kibanda kile kwa jicho hilo, hadhira ipo, mahali papo, wakati upo. Fanani je? Fanani yuko mbali, Japani. Kinachomleta kibandani ni ile nembo. Bila nembo, mchezo ni kama sauti isiyo na mwenyewe.

Nyota na donge la Game Freak

Tuichukue sasa Game Freak, maana nembo zake zinatufaa sana kwa mfano. Wasomaji wa jarida hili watafurahi kujua kwamba Game Freak haikuanza kama kampuni. Ilianza kama jarida. Mwaka 1983 kijana Satoshi Tajiri alianza kutoa vijarida vya kuandika kwa mkono na kubana kwa pini, vikiwa na maelezo na uhakiki wa michezo ya video. Ken Sugimori alijiunga naye kama mchoraji. Mwaka 1989 wakageuka kutoka wahakiki wakawa watunzi: wakaunda kampuni na kutoa mchezo wao wa kwanza, Quinty. Wamefanya kazi na Nintendo kwa miaka mingi, lakini wamebaki kampuni yao wenyewe.

Mwaka 1996 walitoa Pokémon Red na Green kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya mkononi. Tuufuatilie ufunguzi wake hatua kwa hatua.

Kwanza mashine yenyewe inasema. Jina la Nintendo linateremka taratibu kutoka juu ya kioo, linafika katikati, inalia ting! Hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui. Jina lile limo pia ndani ya kaseti ya mchezo, katika baiti 48, na mashine ina nakala yake. Kabla ya kuendelea, mashine hulinganisha nakala hizo mbili. Zikilingana, mchezo unaanza; zikitofautiana, mashine inagoma hapo hapo. Yaani jina ni ufunguo. Tena ni mtego wa kisheria: anayetaka kutengeneza kaseti bila idhini analazimika kuliweka ndani yake jina la mwenye mali, na hapo amejiingiza kwenye kesi ya alama ya biashara.

Msomaji anaona tunakoelekea? Fanani wetu anasema Paukwa! Hadhira inajibu Pakawa! Akisema na asijibiwe, haendelei. Anarudia. Wakijibu kwa uvivu, anawatania mpaka waamke. Naye analinganisha: neno lake na jibu lao. Yakipatana ndipo mlango unafunguka. Tofauti ni kwamba Game Boy inajijibu yenyewe, wakati fanani anahitaji watu.

Hatua ya pili ni ya Game Freak. Baada ya maandishi ya hakimiliki, nyota inapita kwa kasi ikikata kioo, jina la kampuni linamulika, na vinyota vidogo vinadondoka chini yake. Ni rangi za kijivu tu, hakuna zaidi. Mara tu baada ya hapo tunaona viumbe wawili, Gengar na Nidorino, wakipambana. Nyota ile ndiyo kizingiti. Nyuma yake kuna watu wa ofisini na sheria za hakimiliki. Mbele yake kuna ulimwengu wa kubuni.

Mwaka 2000, katika Pokémon Crystal, walifanya jambo la kuvutia zaidi. Badala ya nyota, kinadondoka kiumbe kinachoitwa Ditto, kidonge laini kama ugali ambao haujaiva. Kinadunda, kisha kinajigeuza kuwa nembo ya Game Freak. Anayeujua mchezo anacheka, kwa sababu ndani ya hadithi kazi ya Ditto ndiyo hiyo: kujigeuza kuwa chochote anachokutana nacho. Kwa hiyo mhusika ametoka ndani ya hadithi akaja mlangoni kumtambulisha mtunzi wake. Naliona hapa dai zito: kwamba watunzi hawa ni watu wa kujigeuza. Ndivyo alivyo fanani hodari, ambaye dakika moja ni sungura na dakika inayofuata ni fisi.

Si jambo geni kwetu

Nisije nikaeleweka kwamba Wajapani wametufundisha. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unaanza kwa mama kumwita binti yake aje na wino na karatasi. Mtunzi anatuonyesha vifaa vyake kabla ya kutoa wosia. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilitanguliza ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona, kabla ya taarifa ya habari. Wazee wa kwetu wanasema ngoma zile zikilia, hata mtoto aliyekuwa analia alinyamazishwa. Ngoma hazikuwa na habari yoyote ndani yake, lakini zilitengeneza watu wa kuisikiliza habari.

Hiyo ndiyo dhima ninayoitetea. Ufunguzi hauongezi kitu kwenye kisa. Unaitengeneza hadhira, unamtaja fanani, unaweka mpaka kati ya maneno ya kawaida na maneno ya sanaa.

Kuna hoja ya kunipinga, nayo ina nguvu. Wachezaji wengi wanairuka nembo. Pale kibandani, ukilipia mechi moja hutaki kupoteza hata sekunde. Kidole kiko kwenye kitufe cha X tangu mwanzo. Na wanaocheza Pokémon kwa emuleta kwenye simu mara nyingi hawaioni kabisa ile nembo ya mashine inayoteremka. Je, mchezo umeharibika? Hapana, unachezeka. Basi si ni pambo?

Hitimisho

Jibu langu ni la mtu aliyewahi kuiruka. Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulipewa kazi ya kukusanya ngano. Nikaenda nyumbani Bariadi, nikamrekodi bibi kwa simu jioni tatu. Simu ilikuwa imejaa, hivyo kila rekodi niliikata: nikatoa mwanzo, ule wa kutuita na sisi kuitikia, na kumkemea mdogo wangu aliyesinzia, nikabakiza kisa. Nilijiambia kwamba ngano ndiyo hiyo, mengine ni kelele. Kazi nilipata alama nzuri.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Ngano tatu ninazo, kamili, na nimezisikiliza mara nyingi. Anasimulia vizuri kabisa. Lakini hasimulii kwa mtu yeyote. Hakuna mahali anapotuita, hakuna mahali tunapojibu. Mtu akiisikia rekodi ile hawezi kujua kwamba tulikuwa watu sita uani, wala kwamba alikataa kuanza mpaka wote tuitikie.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaokwenda kukusanya data likizo hii: washeni simu mapema, kabla ya Paukwa. Na kama nafasi imejaa, futeni picha.