Mtoto wa Punda na Saa Zake za Kwanza

Mwanafunzi wa Manzese, jijini Dar es Salaam, huenda amekwisha kumwona mbuzi akizaa uani. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi na mara nyingi huzaa pacha. Mtoto mmoja akifa, mfugaji hubaki na mwingine. Farasi na punda hawana fursa hiyo. Farasi ni adimu nchini Tanzania, sababu mojawapo ikiwa maradhi: nagana, ienezwayo na mbung'o, na tauni ya farasi, ienezwayo na usubi. Punda huistahimili tauni hiyo zaidi, naye ndiye abebaye maji na mizigo katika mikoa kama Dodoma, Singida na Arusha.

Mimba ya farasi huchukua miezi 11 hivi, na ya punda miezi 12. Mtoto huwa mmoja; mimba ya pacha aghalabu huharibika. Kwa hiyo kila uzazi ni mavuno ya mwaka mzima.

Kuzaa kwenyewe hufanyika upesi, na mara nyingi usiku. Kwa kawaida chupa hupasuka, utando mweupe huonekana, kisha hutangulia miguu ya mbele na pua. Katika muda wa nusu saa hivi mtoto huwa yuko chini. Utando mwekundu ukitokea badala ya ule mweupe, ni dalili kwamba kondo la nyuma limebanduka mapema. Mtoto hukosa oksijeni, naye hufa asipotolewa mara moja.

Akizaliwa salama, hatari ya pili huanza. Binadamu humpa mwanawe kingamwili kwa njia ya kondo tangu tumboni. Katika punda na farasi, tabaka za seli zitenganishazo damu ya mama na ya mtoto ni nyingi zaidi, na kingamwili hazipiti. Kinga ya mwanzo ya mtoto imo katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Utumbo wake huzifyonza kingamwili hizo zikiwa nzima mpaka katika damu. Lakini uwezo huo hupungua kila saa, na baada ya saa 24 hivi huwa umekwisha. Mtoto aanzaye kunyonya siku ya pili atashiba, lakini hatakingwa. Viini vya maradhi viingiavyo kwa kitovu vyaweza kumwua.

Ndiyo maana wafugaji hushika hesabu hii: baada ya saa moja mtoto awe amesimama, baada ya mbili awe amenyonya, baada ya tatu kondo liwe limetoka. Muda ukipita, daktari wa mifugo aitwe bila kungoja asubuhi.

Mnamo Februari 2024, Umoja wa Afrika uliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sababu yaweza kuelezwa darasani kwa hesabu rahisi: mnyama azaaye mtoto mmoja kwa mwaka au zaidi, tena mtoto ambaye uhai wake hutegemea saa chache, hawezi kuifidia upesi idadi inayochinjwa.