Mtakatifu Kamili na zamu ya usiku Riyadh: kweli au si kweli?

Tarehe 14 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Kamili wa Lellis, ni siku ya kazi kama nyingine yoyote kwa wauguzi wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko Riyadh na Jeddah. Wakatoliki kati yao hutumiwa na ndugu zao wa nyumbani picha ileile ya simu: mwanamume mrefu, ndevu, kanzu nyeusi, msalaba mwekundu kifuani. Chini ya picha huwa kuna maelezo, na mengi ni ya kutunga.

"Anaitwa Kamili kwa sababu hakuwa na kasoro."

Si kweli. Hapa sikio letu ndilo linatuponza. "Kamili" tunayoijua sisi ni ya Kiarabu, na Riyadh utakutana na akina Kamil wasiohusiana na mtakatifu yeyote. Huyu alirithi jina la mama yake, Camilla Compelli, aliyemzaa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanalea wajukuu. Ukamilifu wa mwili ndio kabisa hakuwa nao. Mguuni alikuwa na donda ndugu lililomwanza ujanani, na alikufa nalo mwaka 1614.

"Alikuwa mpole na mcha Mungu tangu utotoni."

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Kamili alikuwa mtoto wa askari, naye akawa askari wa kukodiwa, akapigana upande wa Venice dhidi ya Waturuki. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2, hasira za karibu, na kiu ya kamari isiyokatika. Mwaka 1571 alikwenda kutibiwa mguu katika hospitali ya San Giacomo, Roma, akapewa kazi ya kuhudumia wagonjwa wenzake. Haikupita muda akafukuzwa: ugomvi na karata. Mwaka 1574, mjini Napoli, alicheza mpaka shati.

Ikabidi aombeombe, kisha akapata kibarua kwenye ujenzi wa nyumba ya watawa Wakapuchini huko Manfredonia. Februari 2, 1575, akiwa njiani, moyo wake ukageuka. Akaomba kujiunga na Wakapuchini, lakini kidonda kikamfungia mlango. Basi akarudi San Giacomo, palepale alipotimuliwa, na miaka michache baadaye akawa ndiye msimamizi wa shughuli zote. Waliomkera zaidi walikuwa wahudumu wa kuajiriwa, watu waliofuata mshahara tu huku mgonjwa akiita bila kuitikiwa. Ndipo akawaza kuunda kundi la watu watakaouguza kwa mapenzi. Alipata upadri mwaka 1584, na Papa Sisto V akalikubali shirika lake, Wahudumu wa Wagonjwa, mwaka 1586. Mbali na nadhiri tatu za kawaida waliongeza ya nne: kumhudumia mgonjwa hata kama ni kwa hatari ya kufa. Wakati wa tauni, wengi wao walikufa kweli.

Mwaka 1598 mto Tiber ulifurika na maji yakaingia hospitali ya Santo Spirito. Kamili na wenzake waliwabeba wagonjwa mgongoni kutoka wodi za chini kwenda ghorofani. Mfikirie yule mwenye donda mguuni, ndani ya maji machafu, anapanda ngazi na mtu mgongoni, anashuka kumfuata mwingine. Aliyewahi kumgeuza kitandani mgonjwa mzito peke yake anajua kiuno kinavyolia hata kwenye sakafu kavu.

"Nembo ya Msalaba Mwekundu ilitoka kwenye joho lake."

Si kweli, ingawa ni kosa linaloeleweka. Msalaba wa Kamili uliruhusiwa na Papa mwaka 1586, na mwaka 1601 wafuasi wake walikuwa wakihudumia majeruhi wa vita huko Kanizsa, Hungaria. Lakini nembo tunayoiona kwenye magari ya wagonjwa ilikubaliwa Geneva miaka ya 1863 na 1864, nayo ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Mwaka 1876 Dola ya Waturuki ikatangaza kwamba itatumia hilali badala ya msalaba. Kwa hiyo ukipiga 997 ukiwa Jeddah kuita gari la wagonjwa, litakalokuja lina hilali nyekundu ubavuni. Machela ni ileile.

"Uuguzi uliletwa Arabuni na wageni Wakristo."

Si kweli. Karibu miaka 1,000 kabla ya Kamili, Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema lake mjini Madina, na humo ndimo alimopelekwa Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Muuguzi Mwislamu hana haja ya kuazima mtakatifu wa Roma.

"Kamili peke yake ndiye msimamizi wa wagonjwa."

Nusu kweli. Papa Leo XIII alimtangaza mwaka 1886, lakini pamoja na Yohane wa Mungu. Wauguzi wakaongezwa mwaka 1930 na Papa Pius XI.

"Saudia hakuna Wakatoliki."

Si kweli. Hakuna kanisa, na ibada ya hadharani isiyo ya Kiislamu imekatazwa. Waumini wenyewe wapo, wengi wao Wafilipino na Wahindi, na wetu wa Afrika Mashariki humohumo. Askofu wao yuko Awali, Bahrain, ambako Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Arabia liliwekwa wakfu Desemba 2021. Mwenye gari na ruhusa huvuka daraja la bahari kwenda huko. Dada wa kazi za ndani, ambaye hata viza ya kutoka na kurudi inamtegemea kafili, yaani mwajiri wake, husali jikoni kimoyomoyo vyombo vikisubiri. Jumapili ni siku ya kazi, hivyo mwenye kubahatika kupumzika hupumzika Ijumaa.

"Mkristo akifia Saudia hawezi kuzikwa huko."

Si kweli. Jeddah kuna makaburi ya wasio Waislamu, ya tangu enzi za Waturuki. Familia nyingi hata hivyo hutaka mwili urudi nyumbani, na hapo ndipo barua za ubalozi, vibali na michango ya kwenye simu huanza.

Wafuasi wa Kamili waliitwa mapadri wa kufa vema, kwa sababu hawakumwacha anayekata roho akiwa peke yake. Padri kufika kando ya kitanda Riyadh saa tisa usiku ni jambo la nadra. Aliyepo ni muuguzi wa zamu. Kama mgonjwa ni wa kwao, atamwita kwa Kiswahili, dada, kaka, mama, na kumshika mkono. Kisha atatazama saa ya ukutani na kuingiza saa na dakika kwenye kompyuta, maana kengele ya kitanda kingine imeshalia.